Naomba ushauri: muvi za rais kwenye mgogoro wa nyuklia zilizotengenezwa kwa bajeti ndogo

Habari zenu wakuu, juzi usiku nimeangalia Fail Safe ya mwaka 1964, ile aliyoiongoza Sidney Lumet, na mpaka leo haijanitoka kichwani. Ni nyeusi na nyeupe, haina hata muziki wa kutisha, na jeshi la Marekani lilikataa kuwapa watengenezaji msaada wa ndege, lakini nilishindwa hata kunyanyuka kwenda kunywa maji. Kuna ile sehemu Henry Fonda kama rais amekaa kachumba kadogo na mkalimani kijana, mezani simu tu, anaongea na Moscow, kamera inasogea mpaka unaona uso peke yake, yaani unasikia pumzi zao, halafu yule kijana lazima atafsiri kila neno na anajua kabisa miji inaweza kuungua.

Baada ya hapo nikatafuta Deterrence ya 1999, rais kakwama na theluji kwenye mgahawa Colorado, anaamua mambo ya bomu mbele ya wateja. Wazo zuri sana, ila mwisho wake mimi haukuniridhisha.

Sasa naombeni mnisaidie, kuna nyingine za namna hii, za watu kukaa chumbani na kubishana tu? Za milipuko sizitaki. Hata za Uingereza au Urusi poa, ilimradi ziwe na sabtaitoz, maana naandika skripti ya chumba kimoja na nimekwama jinsi ya kushikilia presha dakika tisini bila kutoka nje.