Naomba ushauri: kiwanda kinapunguza watu, lawama zimeangukia chama cha wafanyakazi

Mleta uzi: Wakuu, salaam. Mimi ni mwakilishi wa wafanyakazi kiwandani. Menejimenti inasema gharama za ajira zimewaelemea: tukubali kukatwa mshahara, la sivyo robo yetu tuondoke. Baadhi ya wenzetu wanatunyooshea kidole, eti nyongeza tuliyoidai kwenye mkataba wa hali bora ndiyo imetuponza. Wengine wanataka tugome kesho. Usingizi sipati, maana watakaoondoka nawajua mmoja mmoja. Tufanyeje? Na je, kosa ni letu kweli?

Mhasibu: Msigome wala msikubali kabla hamjaona hesabu zilizokaguliwa. Ulizeni gharama ya kazi kwa kila bidhaa inayotoka, si kwa kila mfanyakazi. Mtambo ukisimama nusu ya zamu kwa kukosa vipuri, gharama hiyo inakuwa maradufu bila mtu kuongezwa hata senti. Hapo mshahara unasingiziwa. Tazameni pia riba za mikopo na gawio la wanahisa.

Fundi Mkongwe: Naunga mkono, ila chama nacho kisijisafishe kupita kiasi. General Motors, kampuni ya magari ya Marekani, ilipoomba kinga ya mufilisi Juni 2009, wengi waliilaumu UAW, chama cha wafanyakazi wa viwanda vya magari huko, kwa mishahara na matibabu ya wastaafu. Mzigo ulikuwepo, tena mzito. Lakini mikataba ile ilisainiwa na pande zote mbili, na uamuzi wa kutegemea magari makubwa yanayobugia mafuta ulikuwa wa wakurugenzi. Bei ya mafuta ilipopaa 2008, wanunuzi wakayakimbia. Waelezeni wanachama yote mawili.

Njia nyingine ni kugawana saa. Mwishoni mwa 1993 Volkswagen ilikuwa na wafanyakazi wapatao 30,000 wa ziada Ujerumani. Kampuni ikakubaliana na chama kushusha wiki ya kazi kutoka saa 36 hadi 28.8. Kipato kilipungua, watu wakabaki kazini.

Aliyepunguzwa: Ndugu, kuweni macho na neno "kwa muda". Sisi tulikatwa mshahara kwa muda, na baadaye tukapunguzwa vilevile, tena kiinua mgongo kikapigiwa hesabu kwa ule mshahara mdogo! Andikeni tarehe ya mwisho, marufuku ya kupunguza mtu ndani ya kipindi hicho, na mafao yahesabiwe kwa mshahara wa zamani. Na wakubwa waanze kukatwa wao.

Mleta uzi: Hilo la kiinua mgongo hatukuliwaza kabisa. Wakikataa kutoa hesabu?

Mhasibu: Ombeni kwa barua, wabaki na nakala, nanyi mbaki na iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa 1982 unamtaka mwajiri anayepunguza watu kwa sababu za kiuchumi awape wawakilishi taarifa mapema na kushauriana nao. Unazibana nchi zilizouridhia tu, kwa hiyo someni na sheria ya kazi ya kwenu. Akikaa kimya, barua hiyo ndiyo mtakayoanza nayo kwa msuluhishi.