Wamaya walitoboa meno na kuweka vito, hii kitu ilianzia wapi?

Wakuu, nimeona picha ya fuvu la Mmaya wa kale (wale watu wa Mexico na Amerika ya Kati), meno ya mbele ya juu yana viduara vya kijani vimekaa katikati kabisa kama vifungo vya shati. Ilikuwa mambo ya kifalme au urembo tu? Na walitoboaje bila umeme jamani 😅

— Kichuguu
Kijani hicho ni jade, jiwe gumu la thamani. Walikuwa na keekee ya bomba, wanaizungusha kwa mkono huku wakitia maji na unga wa jiwe gumu mpaka inakula jino polepole, kisha kito kinagandishwa kwa gundi yenye utomvu wa miti, na vingine bado vimeshika mpaka leo miaka elfu na zaidi! Fundi akizidisha kidogo tu anafika kwenye neva, hapo ndo balaa.

— Bi Mswaki
Ufalme siyo lazima. Kuchonga meno kulikuwepo hata kwa watu wa kawaida, ila mara nyingi ukubwani. Askofu Mhispania Diego de Landa aliandika karne ya 16 kwamba kule Yucatán, rasi ya Mexico walikoishi Wamaya, wanawake walichongwa meno yakawa kama msumeno, na kazi hiyo walifanya vikongwe kwa mawe na maji.

— Kichuguu
Na kuna meno yaliyochongwa kwa umbo la T, hiyo ni alama ya ik' katika maandishi ya Wamaya, maana yake upepo au pumzi. Mungu jua wao anachorwa na meno hayohayo.

— Muuliza swali
Duh, vikongwe tena! Asanteni.