Tupeane uzoefu: mazungumzo yaliyokwama zikiwa zimebaki hatua mbili

Mleta mada: Ndugu zangu, juzi nilipita mbele ya kiwanda nilichowahi kufanyia kazi, nikaona geti lile tulilolifunga kwa minyororo wakati wa mgomo, na usiku sikulala vizuri. Naomba kila aliyewahi kukaa mezani, au kusubiri nje ya mlango, iwe ni mgogoro wa kazi au wa siasa, atueleze mazungumzo yao yalikwamia wapi hasa.

Katibu Mstaafu: Nilikuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi katika kiwanda cha nguo, na mkataba wa hali bora ulikuwa umebakiza kipengele kimoja tu, posho ya chakula. Tulidai shilingi 3,000 kwa siku, mwajiri akaanzia 1,800. Kufikia siku ya tatu sisi tulikuwa tumeshuka hadi 2,500, wao wamepanda hadi 2,200.

Saa saba mchana ikaletwa pilau. Chumba kile kilikuwa na madirisha ya vioo yaliyotazama uwanja wa geti, na uwanjani walikuwa wamekaa wenzetu, wengine tangu alfajiri. Mwenyekiti wetu, mtu mzima mwenye ugonjwa wa sukari, alichukua sahani, nami nikachukua. Nakumbuka paja la kuku na kachumbari, na nakumbuka kijana mmoja wa idara ya usokotaji aliyesogea hadi kwenye kioo, akaweka viganja pembeni mwa macho ili aone vizuri, kisha akageuka na kuwaambia wenzake neno ambalo sikulisikia ila nililielewa.

Baada ya chakula mwajiri akatamka 2,400. Ilibaki shilingi mia, na mwenyekiti hakuweza kuipokea, kwa sababu angetoka nje na kiwango hicho kila mtu angesema mia iliyopungua tumeila. Akarudi kwenye 3,000 kana kwamba siku tatu zile hazikuwapo, na ofisa rasilimali watu akafunga faili. Tulikwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, siku 30 za usuluhishi zikaisha bila sahihi, tukatoa notisi ya saa 48. Tuligoma siku tisa, tukarudi kazini kwa 2,300.

Mama Wawili: Kwetu ilikuwa chai na sambusa, lakini yaliyofuata ni hayo hayo.

Daktari wa Kaunti: Afadhali ninyi mlimjua mwajiri wenu. Sisi madaktari wa Kenya tulipoanza mgomo tarehe 5 Desemba 2016, tulikuwa tunadai utekelezaji wa mkataba wa mishahara na hali ya kazi uliotiwa sahihi Juni 2013, na kila tuliyemwendea alikuwa na sababu ya kusema si yeye anayedaiwa. Serikali kuu ilisema mkataba haukusajiliwa mahakamani, na magavana, waliokabidhiwa huduma za afya chini ya ugatuzi, wakasema wao hawakuwa sehemu yake. Nilikuwa nimeanza kuchoka, nakiri, na kodi ya nyumba ilikuwa imenishinda, lakini viongozi saba wa chama walipofungwa Februari 2017 kwa kukaidi amri ya mahakama, hata sisi tuliotamani kurudi wodini tuliona aibu kurudi. Ilibidi waachiliwe ndipo mazungumzo yaendelee, na mgomo ukamalizika siku ya 100.

Mwana wa Mgonjwa: Mama yangu alirudishwa getini Januari ile akiwa amevunjika mguu. Mnaongea kana kwamba pale mezani palikuwa na pande mbili tu.

Daktari wa Kaunti: Pole sana, ndugu yangu, wala sibishani nawe. Ninachosema ni kwamba mkataba huo ulikaa zaidi ya miaka mitatu bila mgomo, na hakuna aliyeukumbuka.

Mwana wa Mgonjwa: Pole yako haiungi mfupa.

Msomaji Kimya: Samahani, naomba nimrudishe Katibu Mstaafu kwenye pilau. Mwajiri aliileta kwa wema au kwa hila?

Katibu Mstaafu: Hadi leo sijui. Siku mbili za mwanzo alituletea maji tu.

Mzaliwa wa Ng'ambo: Hila bila shaka. Ila mimi nataka kusema la Zanzibar. Baada ya makubaliano yaliyoitwa Muafaka, wa 1999 na wa 2001, chama tawala CCM na chama cha upinzani CUF walizungumza tena kwa zaidi ya mwaka kuhusu kugawana madaraka, wajumbe wakakaribia kumaliza, kisha Machi 2008 Halmashauri Kuu ya CCM ikakaa Butiama na kusema wananchi waulizwe kwanza kwa kura ya maoni. CUF wakaliona hilo kuwa sharti jipya, na mazungumzo yakavunjika, maana waliokaa mezani hawakuwa wenye neno la mwisho. Novemba 2009 Rais Karume wa Zanzibar na Maalim Seif, kiongozi wa CUF, walikutana wao wenyewe, na tarehe 31 Julai 2010 kura ya maoni ile ile iliyovunja mazungumzo ikapita kwa zaidi ya asilimia 66.

Mama Wawili: Kwa hiyo dawa ni wakubwa wajifungie wawili? Wanachama wangu wangenichoma moto.

Mzaliwa wa Ng'ambo: Dawa ni mapazia, dada yangu.

Fundi Cherehani: Nendeni mezani na kiwango cha chini kilichoandikwa na kupitishwa na mkutano wa wanachama wote, ili kiongozi asiogope kukubali.

Msomaji Kimya: Kiandikeni, na jioni hiyo hiyo mwajiri atakuwa nacho. Mimi nashauri mjumbe abebe chakula chake kutoka nyumbani.

Katibu Mstaafu: Yule kijana wa kwenye kioo ndiye aliyechaguliwa kuwa katibu baada yangu. Mwaka uliofuata nilimwona dirishani akila wali na maharage aliyotoka nayo kwake ndani ya hotpoti, na walimzomea vile vile.