Naomba ushauri: kusomea upimaji wa altrasaundi

Wakuu, habari zenu. Mdogo wangu anataka kusomea altrasaundi. Fizikia, baiolojia na hesabu amefaulu, ila fizikia kwa kuponea chupuchupu, na ndiyo inayonitia wasiwasi maana kazi yenyewe ni mawimbi ya sauti mwanzo mwisho. Je, vyuo huwa vinakaza hapo?

Nasikia pia wengine huanza na radiografia (upigaji picha za eksirei) au uuguzi kwanza, halafu kozi ya altrasaundi inakuwa fupi. Ipi ina nafuu?

Ada tutajipanga. Naogopa zile gharama za pembeni: sare, vitabu, chanjo ya homa ya ini, nauli za mafunzo kwa vitendo hospitalini, mtihani wa usajili. Waliopita huko, kipi kiliwakamua zaidi?