Tupeane uzoefu: umewahi kuvua, kuogelea au kusafiri kwenye maziwa yetu yenye kina kirefu?

Mpwani Aliyepotea
Wadau, salaam. Mimi ni mtu wa Pangani, maji nimeyajua kabla ya shule, na miaka yote nilidhani ziwa ni bahari iliyokosa chumvi. Juzi kazi ikanipeleka Kigoma. Jioni moja nikatoka na vijana kwa mtumbwi, hatukufika mbali, watu wa ufukweni tulikuwa tunawasikia wakiongea. Nikauliza mbona sioni nanga chomboni. Wakacheka. Mmoja akachukua kamba yenye jiwe, akaishusha, akaendelea kuishusha mpaka ikaisha mkononi, na jiwe bado linaning'inia. "Mzee, hapa tunafunga kwenye mti."

Nilipopiga hesabu usingizi ulikata. Tanganyika ina mita 1,470, kwa lugha ya nyumbani kwetu ni kama pima 800. Duniani linazidiwa na Baikal la Urusi tu. Nyasa lina mita 700 na ushee, Kivu linakaribia 480. Victoria, na ukubwa wake wote ule, ni mita 80 hivi. Waliowahi kuvua, kuoga au kusafiri kwenye maji haya, leteni habari. Sitaki ya kusimuliwa, nataka yako.

Mwana Mwalo
Karibu Kigoma mkuu, hao vijana walikuonea huruma, wangeweza kukwambia uirukie hiyo kamba.

Nimekaa miaka minne kwenye kipe, chombo chetu cha uvuvi wa usiku, nikivua dagaa. Kitu ambacho wageni hawakielewi ni kwamba kile kina chote hakitusaidii chochote. Huko chini hakuna hewa. Ukishapita mita 200 hivi samaki hawaishi, kwa hiyo sehemu kubwa ya ziwa ni maji matupu. Uhai wote uko kwenye ile blanketi ya juu. Mchana dagaa wanashuka, giza likiingia wanapanda kufuata vijidudu wanavyokula, na sisi ndipo tunapowasubiri na taa. Zamani ilikuwa karabai, mafuta ya taa yanakula faida yote. Siku hizi ni taa za betri na sola. Unawasha, unanyamaza, unasubiri. Wakijaa chini ya taa utaona maji yanachemka kama sufuria, hapo nahodha anatoa amri na wavu unainuliwa kutoka chini yao. Nyuma ya dagaa wanakuja migebuka, maana na wao wanataka kula. Usiku mzuri unapata wote wawili.

Mbalamwezi ikiwa kali hatutoki. Mwezi ukiangaza ziwa zima, nani atakuja kwenye kitaa chako? Hizo siku tunashona nyavu, na wengine wanakunywa, nisiseme uongo.

Cha kuogopa ni kusi, kuanzia Mei hadi Agosti, Septemba. Unatoka maji yametulia kama mafuta, saa nane usiku mawimbi yanakupita kichwani. Usiku mmoja tulizima taa zote, tukakata wavu, tukapiga kafi mpaka alfajiri, na tulipopambazukiwa hatukuujua ufukwe tulioufikia. Mmoja wetu tangu siku hiyo anauza maandazi. Simcheki.

Halafu kuna hili la kufunga ziwa. Mwaka 2024 upande wetu lilifungwa miezi mitatu, 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne tunaolichangia: sisi, Kongo, Burundi na Zambia. Nilinung'unika sana. Miezi mitatu nililima muhogo wa mama mkwe. Lilipofunguliwa, wavu wangu wa kwanza ulikuja mzito na dagaa wamenona. Inawezekana ni bahati yangu tu, siwezi kuapa. Ila nilinyamaza.

Sahani Tupu
Uzoefu wangu ni wa mezani. Mgebuka, mawese, ugali wa muhogo. Endeleeni.

Binti wa Kyela
Mie nitasema ya Nyasa, maana naona watu wa Kigoma wanapenda kujaza ukumbi.

Nimekulia karibu na Matema, pale milima ya Livingstone inapoingia majini bila hata kupiga hodi. Mlima unavyoonekana kwa juu, na chini ya maji unaendelea vilevile. Upande wa mchanga unatembea pole pole mpaka kifuani, upande wa mawe hatua ya pili huna chini. Bibi alitupa sheria moja: ogeni kwenye mchanga, kwenye mawe mtazame tu. Na kutazama kunatosha. Samaki wadogo wa rangi, wa bluu, wa njano, wenye milia, wanazunguka mawe yale, na wengi wao hutawapata ziwa lingine lolote duniani. Wageni wanakuja na miwani ya kuzamia wanashinda humo. Sisi watoto tulikuwa tunawaona wa kawaida tu, tulitaka mbasa.

Mbasa ndiye samaki wa heshima kwetu. Mvua zikianza kujaza mito anapanda kwenda kutaga, na watu wanajua pa kumvizia. Ndiyo maana amepungua, tuseme ukweli. Ukitega mdomoni mwa mto kila msimu, mayai yatatoka wapi?

Kwa anayekuja kutembea, pitia Jumamosi, kuna soko la vyungu vya Wakisi pale Lyulilo. Nilichowahi kukosea mimi ni kichocho. Niliogelea wiki nzima kwenye maji yaliyotulia yenye matete, raha tupu. Konokono wanaobeba ugonjwa wanapenda palepale. Miezi miwili baadaye nilikuwa zahanati nameza prazikwanteli. Oga penye mawimbi na mchanga safi, mbali na matete, na ukirudi nyumbani subiri kama wiki sita au nane ndipo upime, mapema sana kipimo kinaweza kisione kitu.

Ah, na mkiona moshi mweusi umesimama katikati ya ziwa, si meli inaungua. Ni kungu, vijidudu kwa mamilioni. Upepo ukiwaleta pwani tunawakusanya, tunawafinyanga, tunawala. Msinikunjie uso.

Kando ya Kivu
Huku Goma tuko na ziwa la ajabu zaidi. Kivu halina mamba, halina kiboko, watoto wanaoga tangu asubuhi. Lakini huko chini limejaa gesi, kaboni dioksidi na methani. Rwanda wanaivuta ile methani na kuwasha umeme.

Hatari yetu iko pia nchi kavu. Tunaita mazuku. Ni gesi inayotoka ardhini na kulala mabondeni, haina rangi, ni nzito kuliko hewa. Mbuzi anaingia shimoni kula majani, harudi. Nilipokuwa mdogo tulikuwa na kijishimo karibu na njia ya ziwani, mama akatukataza hata kuinama kufunga kiatu pale. Asubuhi tulikuwa tunaokota ndege waliokufa. Mgeni akija kupiga kambi ufukweni, namwambia aulize wenyeji kwanza pa kulala.

Uvuvi wetu ni wa sambaza, samaki wadogo mfano wa dagaa. Mitumbwi mitatu inafungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu katikati, na jua likizama wanatoka wakiimba ili kafi ziende sawa. Ukikaa ufukweni unazisikia nyimbo zinapungua mpaka zinabaki taa peke yake.

Mwana Mwalo
Ndugu wa Kivu, hao sambaza wako ni wa kwetu! Walichukuliwa Tanganyika wakapandikizwa kwenu mwaka 1959. Sisi tunawaita lumbu. Mtulipe.

Kando ya Kivu
Njoo uwachukue, ukiweza kuwatambua.

Mrombo Mtulivu
Chala mmelisahau. Kaziwa kamelala kwenye shimo la volkano mpakani mwa Tanzania na Kenya, unaweza kulizunguka lote kwa macho ukiwa umesimama mahali pamoja, na bado lina kina kuliko Victoria, mita 90 na zaidi. Nimeshuka mpaka majini mara mbili. Kupanda kurudi juu ndiko kulikonifundisha umri wangu. Sikuogelea, mamba wamewahi kuwemo.

Abiria wa Daraja la Tatu
Mimi nilipanda Liemba kabla haijasimamishwa kwa matengenezo, Kigoma hadi Kasanga. Meli ya Wajerumani hiyo, ilizamishwa na wenyewe mwaka 1916 wakati wa vita, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudishwa kazini. Vijiji vingi havina gati, kwa hiyo ilikuwa inasimama mbali, inapiga honi, na mitumbwi inakuja mbio gizani kuipakia. Nilimwona mama mmoja akipokelewa kwa mkono mmoja, mkono wa pili ameshika kuku, mtoto mgongoni, na chini yake kilometa nzima ya maji. Hakutazama chini hata mara moja. Mimi nilitazama, nikarudi kulala juu ya magunia ya dagaa.

Mpwani Aliyepotea
Asanteni sana, nyie watu ni hazina. Mwana Mwalo, narudi Kigoma. Nataka kuvua kwa mshipi, si kwa wavu, nimpate yule samaki kuhe. Ni kweli anakua mkubwa hivyo?

Mwana Mwalo
Kweli, katika jamii ya sato na perege ni miongoni mwa wakubwa kabisa duniani, anaweza kufika sentimita 80. Chambo mpe dagaa mzima. Ila ukimwona dume na jike wamesimama pamoja na wingu la watoto katikati, vuta mshipi wako uhamie kwingine, ukiwaua hao wawili watoto wanaliwa saa hiyohiyo. Ulizia leseni kwa watu wa uvuvi kabla hujashuka mwaloni, usije ukasema mimi ndiye niliyekuingiza. Usije mwezi wa sita wala wa saba. Na lete koti. Watu wa pwani mnakuja na singlendi, saa tisa usiku mnaanza kuomba blanketi la nahodha.

Mpwani Aliyepotea
Koti ninalo. Je, maandazi ya yule jamaa bado yapo?

Mwana Mwalo
Yapo, na sasa ana vibanda viwili.