Ushauri: mkondo unapanda wenyewe nikitengeneza maji ya fedha, niudhibiti vipi?

MpendaVyuma
Habari wakuu. Naomba msaada kwa wanaojua umeme, na wa kemia nao wakaribie.

Nimeunganisha betri tatu za volti 9 mfululizo, napata volti 27. Ncha zinakwenda kwenye waya mbili za fedha safi ya 99.99, zimezama kwenye nusu lita ya maji yaliyokenekwa. Mwanzoni huoni kitu. Baada ya muda waya wa upande wa hasi unaota manyoya meusi, yanamomonyoka na kuzama, na maji yanakuwa ya njano kisha kijivu. Nikiweka mita naona mkondo unaanza chini kabisa, halafu unapanda, na ukishapanda ndiyo unazidi kukimbia. Nataka utulie mahali pamoja. Wengine wanaweka taa ndogo katikati ya saketi, wengine rezista (kipande kinachopunguza mkondo). Kipi sahihi, na cha ukubwa gani?

Niseme na lengo: mzee wangu anataka kuyanywa, ameambiwa yanaongeza kinga. Ana dawa za tezi ya shingo anazomeza kila siku. Nawasilisha.

FundiSaketi
Mkuu, umeeleza vizuri. Kinachokusumbua ni kwamba maji yenyewe ndiyo rezista kubwa kwenye saketi yako, na rezista hiyo inapungua kadiri kazi inavyoendelea. Maji yaliyokenekwa karibu hayapitishi umeme. Ioni za fedha, yaani chembe za fedha zenye chaji ya umeme, zikianza kuingia yanapitisha zaidi, mkondo unaongezeka, na mkondo ukiongezeka unaingiza ioni nyingine haraka zaidi. Betri hazina cha kuzizuia.

Taa achana nayo. Waya wa ndani ya taa ukiwa baridi una ukinzani mdogo sana, na kwa mkondo mdogo kama wako hautapata joto hata kidogo. Kwa hiyo taa itakaa pale kama kipande cha waya tu.

Rezista inafanya kazi. Gawanya volti kwa mkondo wa juu kabisa unaoukubali: volti 27 kwa miliampia 1 ni omu 27,000. Ukiweka hiyo, hata waya zikigusana ndani ya chupa mkondo hauvuki miliampia 1. Ubaya wake ni kwamba inapunguza kasi tangu mwanzo, wakati maji bado hayapitishi, kwa hiyo utasubiri sana.

Kizuri zaidi ni kidhibiti cha mkondo. Kuna kidude cha miguu mitatu kinaitwa LM334, kimetengenezwa kwa mikondo midogo, mwisho miliampia 10, na kinavumilia hadi volti 40. Ukikipa rezista ya omu 68 kitakaa karibu na miliampia 1: maji yakiwa bado hayapitishi umeme kinaacha volti zote zifanye kazi, yakianza kupitisha kinakaza. Watu watakutajia LM317, kidhibiti kingine, kwa kuwa kila fundi anayo. Kwa kazi hii haifai, inahitaji miliampia kadhaa zipite ndipo idhibiti sawasawa.

Na tafadhali baki kwenye betri. Usije ukatafuta njia ya kuchukua umeme wa ukutani.

Anodi
Naongezea upande wa kemia, maana hapo ndipo manyoya meusi yanapotoka.

Waya wa chanya ndio unaoyeyuka na kutoa ioni za fedha. Waya wa hasi unatoa gesi ya hidrojeni na kuacha hidroksidi kwenye maji. Ioni na hidroksidi zikikutana kwa wingi unapata oksidi ya fedha, unga wa kahawia kwenda weusi, na hiyo huyeyuka kwenye maji kwa kiasi kidogo sana. Ioni zikifika waya wa hasi zinarudi kuwa fedha ngumu, na mkondo ukiwa mkubwa fedha hiyo haitulii, inaota matawi matawi. Ndiyo manyoya yako. Mkondo mdogo, waya zilizozama kwa urefu wa kutosha, na kukoroga taratibu kutapunguza yote mawili.

Sasa hesabu, kwa sheria ya Faraday, inayotoa kiasi cha fedha kinachoyeyuka kutokana na umeme uliopita. Miliampia 1 ikipita saa nzima inatoa takriban miligramu 4 za fedha kutoka kwenye waya. Kwenye nusu lita hiyo ni kama miligramu 8 kwa lita, ukichukulia kwamba hakuna iliyorudi kwenye waya wa hasi. Mkondo ukikimbia ukafika miliampia 10, saa hiyo hiyo moja inatoa miligramu 40. Ndiyo maana nasema usikadirie kwa rangi. Andika mkondo na muda.

Usiongeze chumvi ili kuharakisha, hata ukisoma popote kwamba inasaidia. Utapata kloridi ya fedha, maji yatakuwa kama maziwa, na mkondo utaruka.

NesiWaZamu
Mafundi mmejibu swali la umeme vizuri. Mimi nimebaki kwenye mstari wa mwisho wa mleta uzi.

Ndugu yangu, mzee asiyanywe. Koloidi ya fedha, yaani maji ya fedha kama haya, inaweza kupunguza jinsi mwili unavyofyonza thairoksini, ambayo ndiyo dawa wengi wenye tezi kutofanya kazi vizuri wanayotumia. Dawa hiyo inahangaishwa hata na chai ya asubuhi, ndiyo maana wagonjwa wanaambiwa waimeze tumbo likiwa tupu. Baadhi ya antibiotiki nazo hupata shida hiyo hiyo. Mzee ataendelea kumeza kidonge chake kila siku huku kipimo cha damu kinaharibika, na hakuna atakayefikiria chupa ya maji.

Chukua hesabu ya Anodi. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limeweka kiwango cha fedha cha kumeza kwa siku kuwa miligramu 0.005 kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 60 ni miligramu 0.3. Glasi ya robo lita ya maji yako yaliyodhibitiwa vizuri ina miligramu 2. Saketi nzuri haiondoi tatizo hilo.

TibaAsili
Mimi nayanywa kila asubuhi na ngozi yangu iko safi. Fedha inaua bakteria, hilo hata hospitali wanalijua.

NesiWaZamu
Inaua, sikatai. Krimu ya fedha tunapaka kwenye vidonda vya moto. Kupaka kidonda na kunywa kila siku ni vitu viwili tofauti. Fedha inayomezwa huhifadhiwa mwilini, na ngozi ikigeuka bluu ya kijivu hairudi. Stan Jones, mwanasiasa wa Montana aliyegombea useneti mwaka 2002, aligeuka hivyo kwa fedha aliyojitengenezea mwenyewe nyumbani. Na tangu 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilisema dawa za dukani zenye koloidi ya fedha hazitambuliki kuwa salama wala kuwa na faida kwa ugonjwa wowote. Nakuomba na wewe ndugu uache.

MpendaVyuma
Shukrani nyingi wakuu. Nesi, nimempigia mzee na kumsomea neno kwa neno, hasa hapo kwenye kidonge. Amekubali kumuuliza daktari wake kwanza, na mimi chupa simpi.

Saketi bado naitaka, kwa kujifunza. FundiSaketi, hiyo rezista ya omu 68 inakaa wapi, na nitajuaje mkondo bila kuacha mita ndani muda wote?

FundiSaketi
Rezista inakaa kati ya mguu wa R na mguu wa hasi wa LM334. Mguu wa chanya unatazama betri.

Kupima, weka rezista nyingine ya omu 1,000 mfululizo na waya wa fedha, kisha gusisha mita kwenye ncha zake mbili upande wa volti. Ukisoma volti 1, inapita miliampia 1. Ukisoma 0.4, ni miliampia 0.4. Mwanzoni itakuwa chini, itapanda, halafu itasimama. Isiposimama, umegeuza miguu.