Cheni za theluji kwa kempa van: nichague zipi, na nifunge mbele au nyuma?

Mzururaji
Wakuu habari zenu. Januari natarajia kuvuka Austria kwenda Italia kaskazini na kempa (vani ya kulala safarini), ni Fiat Ducato ya tani 3.5, tairi 225/75 R16 C, na ni za baridi kabisa zina ile alama ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji ndani. Sasa kwenye cheni ndo nachanganyikiwa, naona kuna za milimita 9, 12, 16, kuna za kujikaza zenyewe, kuna soksi za kitambaa za kuvalisha tairi. Halafu jamaa mmoja kanishauri nifunge nyuma eti ndiko uliko uzito (tanki la maji, baiskeli, kila kitu), mwingine anasema mbele. Na kisheria je, ni lazima au ni hiari?

Gia_ya_Kwanza
Mbele mkuu, hilo halina mjadala. Cheni inafungwa kwenye tairi zinazopokea nguvu ya injini, na Ducato inavuta mbele. Mwenye Sprinter inayosukuma nyuma ndo atafunga nyuma, na zile zenye tairi mbili mbili mara nyingi inafungwa la nje. Huyo jamaa wa uzito kaona tatizo ila dawa kakosea, uzito ukizidi nyuma unazipunguzia tairi za mbele mshiko na mlimani zitazunguka bure, ukifunga nyuma utakuwa umezivalisha cheni tairi ambazo hazivuti kitu. Mwaga maji machafu kabla ya kupanda, vitu vizito sogeza mbele, hapo utaona tofauti hata kabla ya cheni.

Sheria: Austria kuanzia Novemba 1 hadi Aprili 15 barabara ikiwa na theluji au barafu lazima uwe na tairi za baridi, hapo umetimiza. Italia barabara nyingi zinadai tairi za baridi au uwe na cheni ndani ya gari, Novemba 15 hadi Aprili 15. Lakini ukiwa Austria ukikuta kibao cha duara cha bluu kimechorwa tairi lenye cheni, hapo tairi zako nzuri hazikusaidii, unafunga au unageuza. Kwa hiyo cheni beba tu.

fundi_baridi
Niongezee kwenye hizo milimita maana watu wengi wananunua kwa kuangalia saizi ya tairi tu. Hiyo namba ni unene wa cheni, na kinachoamua ni nafasi iliyopo upande wa NDANI wa tairi, kule kwenye shokapu na hosi ya breki. Cheni ikigusa hosi ukiwa kwenye kona umekwisha. Fungua kitabu cha gari kwanza, kinasema saizi gani ya tairi inaruhusiwa kuvaa cheni na unene gani, kuna saizi zingine hawaruhusu kabisa. Kama rimu au tairi zilishabadilishwa ndo uwe makini zaidi.

Za 9 ni za magari madogo, gari la tani tatu na nusu linazitafuna. Hiyo C kwenye tairi lako maana yake ni tairi la gari la mzigo, tafuta cheni zilizotengenezwa kwa vani, nyingi ni za 16, ukubwa wa tairi umeandikwa kwenye boksi neno kwa neno, usikubali "itaingia tu". Chagua zilizosukwa kwa umbo la almasi, zile za ngazi zinavuta mbele vizuri ila gari likianza kwenda ubavu hazishiki. Na ziwe na alama ya EN 16662-1, kiwango cha Ulaya cha cheni. Za kujikaza ni raha, za kukaza kwa mkono ni bei nafuu ila unasimama baada ya mita kama mia unakaza tena.

Theluji_Tamu
Mi soksi zinanitosha jamani, dakika mbili zimeingia na mikono haigandi

fundi_baridi
Zinatosha kutoka kwenye kambi iliyofunikwa theluji asubuhi, sikatai. Kwenye mlima mrefu na tani 3.5, ukigusa lami kavu kidogo zinachanika. Ziwe za akiba.

Mzururaji
Asanteni sana. Kufunga kwenyewe kugumu? Na kushuka mlima vipi, si nyuma itabaki haina kitu?

Gia_ya_Kwanza
Kufunga jifunzie nyumbani mchana pakavu, usisubiri usiku kwenye dhoruba. Simama pa tambarare KABLA mlima haujaanza, hazadi, handibreki, fulana ya kung'aa, glavu, tochi ya kichwa, na kitu cha kupigia magoti. Geuza usukani mpaka mwisho ili upate nafasi ya kuingiza mkono. Zile za waya unaupitisha nyuma ya tairi, unaunganisha ncha zake juu, unaulaza vizuri nyuma usibaki umekwama juu ya tairi, unashusha cheni mbele, unafunga kulabu, unamalizia kwa kuvuta ile ya kukazia. Ncha kali za kulabu ziangalie nje, zisilielekee tairi. Kipande kinachobaki kifunge, kikining'inia kitapiga fenda.

Wakati wa kuondoka zima kidogo ile ESP (mfumo wa kuzuia gari lisiteleze) kama gari inakubali, maana inakata nguvu unapoihitaji, na usikanyage mafuta tairi ikazunguka palepale, ndivyo cheni zinavyokatika. Mwendo usizidi 50 kwa saa. Kushuka, kweli nyuma inaweza kukukimbia, gia ndogo toka juu kabisa, breki unaigusa kabla ya kona, usiigusie ndani ya kona. Wapo wanaofunga jozi mbili kwa ajili ya hiyo mteremko, ila soma kitabu kama nyuma kunaruhusiwa. Lami ikianza kuonekana vua, usijidanganye "bado kidogo".

fundi_baridi
Na ukirudi zioshe kwa maji matupu uzianike, chumvi ya barabarani inazila na msimu ujao utazikuta zimeshikana kwa kutu.